Herufi Iliyofuata M218

Mwaka wa 2023, mvua ndefu zilipochelewa hata mahindi ya kwanza yakaota na kunyauka kabla ya palizi, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na miezi miwili kamili. Nataja miezi kwa sababu muhula ulifunguliwa Jumatatu, tarehe 8 Mei, nami nilizaliwa tarehe 8 Machi 1966, siku ambayo baba yangu, asiyejua kusoma chochote ila tarakimu, aliichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa ghala.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nakuru. Wenzangu darasani walikuwa rika la wajukuu wa dada yangu. Sikuona haya kukaa nao. Mume wangu alifariki tarehe 3 Agosti 2009, na mwezi wa Januari uliofuata niliingia darasa la gumbaru, la kusomesha watu wazima, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nisiyeweza kusoma hata kibandiko cha dawa ya kuogeshea ng'ombe. Cheti cha shule ya msingi nilikipata mwaka wa 2014. Cha kidato cha nne, mwaka wa 2021. Kila cheti nilikitia katika fremu ya kioo nikakitundika sebuleni, upande wa kulia wa picha ya marehemu. Upande wa kushoto ilikuwapo fremu kongwe kuliko zote, aliyoitundika yeye mwenyewe kabla sijaolewa: cheti cha hisa yake katika kampuni ya wananchi iliyonunua shamba la mzungu huku kwetu, ng'ambo ya Rongai. Cheti hicho kilibeba namba M218. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimekwisha kuikariri namba hiyo, kama mtu anavyokariri wimbo wa kanisa kwa lugha asiyoielewa.

Muhula huo tulianza somo linalohusu lugha rasmi. Niliposoma jina lake kwenye ratiba nilifurahi, nikidhani tutafundishwa namna ya kumwandikia mkuu wa wilaya barua yenye adabu. Jumanne, tarehe 16 Mei, mwalimu wetu, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo na mwandiko mkubwa, aliandika ubaoni herufi mbili tu, a na b, akatuambia kwamba hiyo ndiyo alfabeti yetu yote. Neno, alisema, ni mfuatano wowote wa herufi hizo. Lugha ni mkusanyiko wa maneno tuliyokubaliana kuyapokea. Niliinua mkono nikauliza maneno hayo yana maana gani. Akajibu kwamba hayana maana yoyote, na kwamba hatutaihitaji.

Nilishtuka. Nilikuwa nimetumia miaka kumi na mitatu na macho yangu mawili kuitafuta maana ndani ya herufi, na sasa binti huyu alikuwa akinionyesha lugha isiyosema kitu, inayojua kupokea na kukataa tu, kama askari wa lango. Kisha akaongeza lililonishtua zaidi: kwamba miongoni mwa maneno limo neno tupu, lisilo na herufi hata moja, nalo ni neno halali kama mengine. Nilimwambia kwa heshima kwamba mahali pasipo na kitu hapawezi kuwa kitu. Darasa likacheka. Msichana mmoja aliyekaa nyuma yangu, ambaye alikuwa na mazoea ya kuchungulia kikapu changu cha chakula, akasema, "Mathe, neno tupu ni kama ile chapati ulituahidi Ijumaa. Jina iko, chapati hakuna." Hata mwalimu alicheka, na kwa aibu nikaelewa.

Kutoka hapo tulifika kwenye ruwaza. Mwalimu na vijana waliiita rejeksi. Mimi katika daftari langu niliandika ruwaza, yaani kanuni fupi ya alama inayoieleza kompyuta maneno yapi yapokewe. Nyota baada ya herufi ina maana kwamba herufi hiyo yaweza kurudiwa mara nyingi upendavyo, au isiwepo kabisa. Mabano ya mraba yana maana kwamba uchague moja kati ya yaliyomo. Na nyuma ya kila ruwaza, mwalimu alisema, kuna mashine ndogo inayochorwa kwa vibonge, yaani viduara, na mishale: unaanza kwenye kibonge cha kwanza, unasoma herufi moja, unafuata mshale wake, herufi zikiisha ukiwa ndani ya kibonge chenye duara mbili, umepokewa. Ukikosa mshale, umekataliwa. Mashine haikumbuki ulikotoka wala haiulizi u nani.

Alipotuagiza kila mmoja abuni ruwaza ya namba anayoifahamu, sikuhitaji kufikiri. Shamba letu lilipogawanywa, lilikatwa sehemu tatu: Kilimani, Mtoni na Stesheni. Namba ya kila mwanahisa ilianza kwa K, M au S, kisha zikafuata tarakimu tatu za kura aliyookota. Niliandika: herufi moja kati ya hizo tatu, tarakimu, tarakimu, tarakimu. Nikaijaribu kwa M218. Kompyuta ikaipokea. Siwezi kueleza fahari niliyoisikia nilipoiona namba ya mume wangu ikipita lango nililolijenga kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 4 Septemba, nilianza mafunzo ya kazini, ambayo chuo huyadai kwa miezi mitatu. Niliomba nafasi katika ofisi ya kampuni yetu ya shamba, orofa ya pili ya jengo moja mjini, nikapewa kwa urahisi, maana mume wangu alikuwa mwanakamati wa kwanza na jina lake lilikuwa bado na uzito. Hatimiliki zilikuwa zimeanza kushughulikiwa baada ya miaka zaidi ya arobaini, na rejista ya zamani, kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, ilikuwa imechapwa yote kwenye kompyuta na karani wa ofisi, mwanamume mpole wa makamo. Kazi yangu ilikuwa kuzikagua namba: kutenga wenye hisa nzima, ambao wangepata ekari tano, na wenye nusu hisa, ambao wangepata ekari mbili na nusu. Enzi zile watu wawili wasiomudu hisa moja waliruhusiwa kuchanga pamoja. Wakapewa namba moja, mmoja akaongezewa A mwishoni na wa pili B. Orodha yangu, ikishapitishwa na mkutano mkuu, ndiyo mpima ardhi angeifuata.

Alhamisi, tarehe 21 Septemba, saa nne na robo asubuhi, niliielekeza ruwaza yangu kwenye safu ya namba. Kompyuta ikanitolea orodha ndefu, kila mstari ukiwa na nambari ya ukurasa na kipande kilichopokewa. Nilifanya ambalo kila mwenye nyumba angelifanya: niliitafuta yangu kwanza. Niliiona M218, nikatabasamu. Mstari uliofuata nikaiona M218 tena.

Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama nikamwambia karani kwamba kuna mwizi aliyejiandikisha kwa namba ya marehemu, na kwamba nitamfikisha mbele ya kamati kabla juma halijaisha. Nilisema kwa sauti iliyofika kwenye ngazi. Nilichukua hata karatasi nikaanza barua ya malalamiko, nikaitia tarehe. Karani, bila kuondoa macho kwenye chai yake, aliniuliza kama ruwaza yangu ina alama ya mwisho.

Haikuwa nayo. Ruwaza isiyo na alama ya mwisho hutosheka inapokwisha kuona inachokitafuta, kinachofuata haikijali. Ukiipa M218 na chochote nyuma yake, itakupa M218 na kukinyamazia kilichobaki. Alama hiyo huandikwa kama dola, nasi tulifundishwa mwezi wa Juni, nami nilikuwa nimeiandika daftarini na kuisahau. Nililipuuza shauri la barua, nikaketi, nikaitia alama ya mwanzo na ya mwisho:

^[KMS][0-9][0-9][0-9]$

Orodha ilipungua. Walibaki wenye hisa nzima peke yao. Nilishuka na kidole changu juu ya kioo: M215, M216, M217, M219.

Nilirudi juu nikashuka tena. Hapakuwa na M218 hata moja. Nilidhani nimekosea mabano. Niliandika ruwaza upya, mara tatu, nikiitamka kila alama kwa mdomo. Mwishowe nilifungua safu yenyewe, mahali penye majina. Mstari wa kwanza: M218A, na mbele yake jina la jirani yangu, mwanamke mzee anayeishi kwenye pembe ya juu ya shamba letu. Mstari wa pili: M218B. Mbele yake lilikuwa jina la mume wangu, majina yote matatu.

Hapa lazima niwaeleze hiyo pembe. Shamba letu lilikuwa na ekari tano kutoka barabara ya chini hadi mlimani. Sisi tulilima nne. Ekari moja ya juu, nyuma ya ua wa kayaba ambao mume wangu aliupanda kabla sijaja, ilikaliwa na mwanamke huyo, ambaye majirani wote humwita shosho, yaani bibi. Nilipoolewa mwaka wa 1985 niliambiwa kwamba mume wangu alimwonea huruma akampa pale pa kujishikiza, kwa kuwa hakuwa na mume. Kwa miaka thelathini na minane niliamini hivyo. Kila Krismasi nilimpelekea debe la mahindi. Na kila mavuno ya maharagwe yeye alinitumia kikapu, nami nilikipokea kama shukrani ya mtu aliyefadhiliwa.

Siku ya pili yake, Ijumaa, nilikwenda chuoni nikiwa na ruwaza yangu kwenye karatasi. Nilimwomba mwalimu anionyeshe kosa. Alichukua orodha ya mahudhurio, akaigeuza, akachora vibonge vitano na mishale, kisha akaitembeza M218B juu yake kwa ncha ya kalamu. M, akapita. Mbili, moja, nane, akapita, akafika penye duara mbili. Kisha akaweka kalamu kwenye B na kuiacha hapo, kwa kuwa hapakuwa na mshale wa kuendelea.

"Kanuni yako iko sawa, mama," akasema. "Kama kuna shida, iko kwa kitabu."

Nikamwambia kwamba huyo ni mume wangu. Nilisema hivyo kana kwamba ni sehemu ya hesabu. Akanijibu kwa upole kwamba mashine haimjui.

Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikaishusha fremu kongwe. Misumari ya nyuma ilikuwa na kutu. Niliing'oa kwa kisu cha jikoni. Asubuhi, jua lilipopiga dirisha la mashariki, nilikinyanyua cheti kwenye mwanga. Karatasi ilikuwa nene na ya rangi ya maziwa pote, isipokuwa mahali pamoja baada ya ile 8 ya M218. Pale ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, kwa uangalifu, hata nuru ikapenya kama katika ganda la kitunguu. Mume wangu alikuwa fundi wa mikono. Ndevu zake alizinyoa bila kioo.

Niliketi sakafuni. Nilikuwa nimekitazama cheti kile kila siku ya ndoa yangu na ya ujane wangu, miaka ishirini na mitano bila kujua kusoma na mingine kumi na mitatu nikijua, na sikuwahi kukitoa ndani ya kioo.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilipima shamba kwa hatua, kutoka barabarani kupanda mlima, nikihesabu kwa sauti. Nilitaka kujua nusu itaangukia wapi. Iliangukia chini ya zizi la ng'ombe, mita chache kutoka jikoni. Kila kilichokuwa juu ya hapo kilikuwa cha M218A: zizi, miparachichi yangu sita, na kaburi la mume wangu lenye vigae vyeupe, pamoja na nafasi iliyotengwa kando yake kwa ajili yangu, ambayo nilikwisha kuizungushia matofali mwaka wa 2012.

Jumatatu, tarehe 25, nilikiomba kitabu chenyewe. Nilitumaini karani alikuwa amekosea kuchapa. Hakukosea. Wino ulikuwa umekuwa wa kahawia, lakini B ilikuwa pale, na chini yake sahihi ya mume wangu, ile yenye mkia mrefu. Juu yake, kwenye mstari wa A, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Karani alikuwa ametoka kununua mkate. Faili ilikuwa wazi mbele yangu. Niliiweka alama ya kuandikia nyuma ya B, na kidole changu kikakaa juu ya kitufe cha kufuta. Ningebonyeza mara moja tu. Hakuna ambaye angelinganisha mistari mia sita na kitabu kinachomeng'enyuka. M218 ingepita lango, A ingebaki bila mwenzake na kuonekana kosa la uchapaji, na orodha ingesomwa, na hatimiliki ya ekari tano ingetoka kwa jina langu.

Sikubonyeza, na nisingependa msomaji anisifu. Si wema ulionizuia. Orodha ile ingetiwa sahihi yangu kama mtu aliyeikagua, na ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu kutiwa sahihi yangu kwa sababu ya ujuzi na si kwa sababu ya ujane. Niliona kwamba nikifuta, ningekuwa na wembe mkononi. Lililonitetemesha hadi jioni ni kwamba kidole kilikuwa kimekwisha kufika pale.

Jumamosi, tarehe 30 Septemba, saa tisa alasiri, nilipita kwenye tundu la ua wa kayaba nikiwa mikono mitupu, kwa mara ya kwanza. Shosho alikuwa ameketi juu ya gunia akipukuchua maharagwe. Alikuwa na miaka sabini na saba wakati huo, na macho makali kuliko yangu. Aliniangalia mikononi, akaniuliza kama Krismasi imekuja mapema na debe limechelewa. Nikamwambia nimeleta neno. Nilimweleza yote, kwa urefu, kuanzia ruwaza na alama ya mwisho, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa habari yake.

Alinisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipotaja B, akacheka, cheko la kweli, hadi akafuta macho kwa kanga.

"Miaka yote hiyo ya shule, mwanafunzi," akasema, "ndiyo uniletee herufi moja? Hata mbuzi wangu anajua ua huu umekaa vibaya."

Aliingia ndani akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani yake, chini ya mbegu za maboga, palikuwa na cheti kilichokunjwa mara nne. M218A. Akanisimulia: yeye alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa mzungu kwa miaka kumi na miwili, na mume wangu dereva wa trekta. Mwaka wa 1979 hakuna kati yao aliyefikia hisa nzima, wakachanga. Waliokota kura pamoja kutoka kwenye kofia. Walikubaliana kuweka ua katikati mvua zikinyesha. Mvua ziliponyesha, yeye alikuwa hospitalini akijifungua mtoto wa tatu. Aliporudi, kayaba zilikuwa zimepandwa pale zilipo. Mwaka wa 1981 alikwenda mbele ya kamati. Mume wangu alikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye viti. Wakamwambia ashukuru kwa ekari moja, kwani mwanamke peke yake ataifanyia nini zaidi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, hata baada ya mazishi.

"Ungenisikia?" akauliza. Hakuwa akicheka tena. "Mwaka ulioolewa, uliniita 'huyo mama wa pembeni.' Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mimi nilinyamaza, si kwa upole. Nilikuwa na watoto watatu, na bwanako alikuwa na muhuri."

Nilikumbuka vikapu vya maharagwe na nikamuuliza, kwa ujinga ambao bado unanichoma, kwa nini basi alikuwa akinitumia. Akanitazama kama anayemtazama mtoto mgumu wa kufunzwa, akasema kwamba yake ilikuwa ni kujibu mahindi. Kwao mtu habaki na deni la jirani.

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba, niliikabidhi orodha kamili: wenye hisa nzima upande mmoja, na wenye nusu upande wa pili, M218A na M218B zikifuatana. Niliambatisha barua ya kurasa mbili na cheti cha mume wangu nje ya fremu. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa kijana katika kamati ile ya kwanza, aliisoma barua mara mbili. Aliniambia kwa sauti ya baba kwamba mambo ya marehemu ni heri yabaki na marehemu, na kwamba shosho mwenyewe hajalalamika. Nilimjibu kwamba alilalamika mwaka wa 1981, na kwamba yeye mwenyekiti alikuwapo. Akavua miwani.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na kazi katika shamba la maua huko Naivasha na mpango wa kujenga kwenye sehemu ya juu, alinipigia simu jioni ya tarehe 8 Oktoba. Nilidhani atafoka. Aliongea polepole sana.

"Kwa hivyo tulikulipia karo, mama, ndio usome, ndio umuite baba mwizi kwa maandishi."

Nilimwambia kwamba sikuandika neno hilo popote. Ilikuwa kweli: niliandika tu alichokiandika kitabu. Alikata simu, na hakuja nyumbani hadi mwaka mpya.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi, tarehe 25 Novemba, chini ya hema, uwanjani. Orodha ilisomwa kwa sauti, namba baada ya namba. Walipofika M218A na M218B kulikuwa na minong'ono, kisha mtu mmoja nyuma akauliza kwa kejeli kama kompyuta ya siku hizi hula mwenye kuilisha. Watu walicheka. Nilisimama, nikaeleza kwamba kompyuta haikula mtu. Ilisoma hadi mwisho wa mstari, jambo ambalo sisi hatukulifanya. Shosho, aliyekaa mstari wa mbele amevaa koti lake la kanisani, aliinua mkono akaomba asomewe namba yake tena. Ilisomwa. Akaomba mara ya tatu. Hakuna aliyecheka safari hiyo. Orodha ilipitishwa kwa mikono.

Mpima ardhi alikuja Jumanne, tarehe 20 Februari 2024, pamoja na chifu msaidizi, mwenyekiti na karani aliyebeba fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Hali ya hewa ilikuwa kavu, vumbi la Nakuru likipanda hadi kwetu. Mwanangu alikuja pia, bila kuitwa, akasimama mbali, penye zizi. Walivuta utepe kutoka barabarani. Mstari uliangukia hatua nne chini ya pale nilipohesabu mwezi wa Septemba, kwa hiyo nilipoteza na kona ya bustani ya sukuma wiki. Walipolifukia jiwe la kwanza la mpaka, mpima ardhi alisimama, akaliangalia kaburi lenye vigae, akaangalia karatasi yake, akauliza kama pande zote zina habari kwamba liko ndani ya M218A.

Chifu msaidizi akasema kwamba pengine njia ya miguu ingeweza kuandikwa, ili familia iwe inafika. Wote wakamgeukia shosho. Yeye alilizunguka kaburi polepole, akiegemea fimbo, akayagusa matofali ya nafasi yangu kwa ncha yake.

"Andika njia," akasema. "Huyu abaki, mimi simhamishi mtu. Lakini maua yake mwanafunzi atakuja kuyamwagilia mwenyewe. Mimi simmwagilii."

Mpima ardhi aliandika njia ya mita mbili. Shosho alitia kidole gumba kwenye wino na kukibonyeza mahali pa A. Nami nikasoma fomu yote, kutoka herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, huku wakinisubiri juani, kisha nikatia sahihi mahali pa B. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Chifu msaidizi alipiga muhuri, akasema kwa utaratibu wa kazi yake kwamba shauri la M218 limefungwa. Mwanangu alikuwa amekwisha kuanza kuwafungua ng'ombe ili awashushe upande wetu.